Mpelelezi Mwenye Mafua

Mashine ya michezo ilikaa kichwa chini, miguu juu. Jicho lake la kusoma diski lilikuwa limechoka, na ukiiweka sawasawa ilikataa kazi. Hata ikiwa imepinduliwa hivyo ilisoma diski moja tu. Ile ya mpira wa miguu ilikuwa imepasuka katikati, na ile ya ngumi ukiitia ilinguruma kidogo, halafu televisheni ikabaki nyeusi. Iliyobaki ilikuwa ya mpelelezi mmoja mfupi, mwenye suti ya kahawia, ambaye kila akijificha mahali penye vumbi alipiga chafya. Diski hiyo ndiyo iliyokuwa inalisha watu sita: mwenye chumba, mke wake na watoto wao wanne.

Mwenye chumba nilimwita Papa, kama alivyoitwa na kampi nzima ya wafanyakazi wa kiwanda. Tangu ujana alifanya kazi kwenye matanuri ya shaba. Kampuni ilipoanza kuanguka, posho ya unga ilikatika kwanza, halafu dawa za hospitali, halafu mishahara, na mwishoni hata king'ora cha kuita watu kazini kilinyamaza. Wafanyakazi wakaambiwa wachukue malipo ya kuagana na waende zao. Wengine walinunua baiskeli, wengine walinunua mashine za kusaga mahindi, na watu wakawacheka kwa kuwa mahindi yenyewe hayakuwepo. Papa alinunua televisheni, mashine ya michezo na mbao za mabenchi, akafungua chumba katika sebule ya nyumba yake, pale Lubumbashi, umbali mdogo kutoka kwenye lango la kiwanda lililofungwa kwa mnyororo.

Mimi nilifika pale kwa bahati. Shule niliiacha kabla ya kumaliza msingi, na tangu hapo sikukaa mahali. Nilibeba mizigo ya wasafiri kwenye uwanja wa ndege wa Luano, nikachoma makaa Kasungami, nikavuka mpaka na kurudi bila sababu niliyoweza kumweleza mtu. Nilikuwa napenda kujua vitu vinavyofanya kazi, na nikishajua nilikuwa naondoka. Katika chumba cha Papa nilikawia kwa sababu mchezo ule sikuuelewa upesi. Alinipa kona ya kulala. Mimi nilifungua mlango asubuhi, nikapanga mabenchi, nikafuta diski kwa kitambaa cha pamba kuanzia katikati kwenda nje, bila kuzungusha mkono.

Nitaanza na uzuri wa mchezo ule. Ubaya wake ndio uliotumaliza, na utakuja wenyewe.

Uzuri wa kwanza: haukuwa na bunduki. Siku zile bunduki zilikuwa nyingi barabarani, nchi ilikuwa imekatwa vipande, redio ilisema kila asubuhi mji gani umeshikwa na nani. Mpelelezi wetu serikali yake ilikuwa maskini, haikumpa silaha. Ilimpa mwavuli, brashi ya manyoya ya kufutia vumbi, na redio ndogo iliyotoa sauti ya mbuzi. Kwa vitu hivyo vitatu alitakiwa aingie katika majumba ya watu wakubwa na aibe siri zao. Ukiweka redio nyuma ya ukuta, mlinzi alikwenda kumtafuta mbuzi, nawe ukapita.

Uzuri wa pili ulikuwa masikio. Mlinzi alisikia hatua zako, nawe ukasikia zake kabla hujamwona. Kwa hiyo chumba kizima kilinyamaza. Wanaume waliozoea kupigiana kelele juu ya matanuri walikaa wamebana pumzi, wamekunja mikono, wakisikiliza viatu vya mlinzi kwenye spika moja iliyopasuka.

Na uzuri wa tatu, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulikuwa chafya. Juu ya pua ya mpelelezi palikuwa na mstari mwekundu. Ukijificha, vumbi lilimwingia, mstari ukajaa polepole, na ukijaa, alipiga chafya iliyoamsha jumba lote. Hukuweza kujificha milele. Yeyote aliyeutengeneza mchezo ule alijua kwamba kujificha ni rahisi, na kwamba binadamu akipata kona yake hatoki. Akaiharibu kona. Nililifikiria jambo hilo kwa siku nyingi.

Papa naye alikuwa na akili yake. Mashine haikuwa na kadi ya kutunza mchezo. Ukiizima, au umeme ukikatika, mpelelezi alirudi mwanzo kabisa, kwenye jumba la kwanza. Kwa hiyo Papa aliwapanga wachezaji kwa poste, yaani zamu, kama kiwandani: poste ya asubuhi, poste ya mchana, poste ya jioni. Mashine haikuzimwa. Poste moja ikimaliza, kiongozi wake alisimama mbele ya televisheni na kuikabidhi kwa ijayo.

"Tuko ku kiwanda ya soseji," alisema. "Santineli mbili ku ngazi, moya ku mulango. Ule wa mulango anasinzia, lakini ukifungula friji anaamuka. Mupite kushoto."

"Kushoto kuko vumbi?"

"Kuko. Mubane pua."

Na yule wa poste inayoingia alirudia maneno yote, mmoja baada ya mwingine, ndipo akapokea maneti, yaani kile kidude cha vitufe unachokishika mikononi. Niliwaona wanaume waliokuwa hawana kazi tena wakinyoosha mashati kabla ya kukabidhiana.

Sheria ilikuwa moja: ukionwa na mlinzi, umepoteza. Papa aliiweka kwa sababu mtu mvumilivu angeweza kucheza siku nzima kwa malipo ya mara moja. Mlinzi akitoa macho tu, mchezaji alibonyeza kitufe cha kusimamisha, akaanzisha jumba upya, akampa maneti anayefuata. Sheria ilikuwa ya haki na kila mtu aliiheshimu. Lakini kwa ajili yake tulifanya kosa ambalo nadhani halikufanywa mahali pengine popote duniani. Miezi mingi hatukujua kwamba mchezo ule ulikuwa wa kuchekesha.

Tungejuaje? Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, nasi tulikuwa watu wa Kiswahili na Kifaransa. Vichekesho vingine vyote vilikuja baada ya kuonwa, na sisi tukionwa tulisimamisha mchezo. Tulichokiona ni mtu mwenye pua nyekundu na macho yaliyolegea, amevaa suti iliyochakaa, anatumwa peke yake katika nyumba za hatari. Wazee wa kampi walimhurumia.

"Banatuma muntu mugonjwa ku kazi," walisema. "Hata papier ya munganga hawamupe."

"Njo bakubwa bote. Weye ulipata?"

"Miye nilipata kikoozi."

Walimhesabu kuwa mwenzao. Alipokamatwa walisikitika kweli.

Aliyetufungua macho aliingia kwa ajili ya mvua. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa maharagwe, vitenge na malori. Vita vilikuwa vimekata barabara, na yeye alibaki upande wetu, mke na watoto upande mwingine. Malori aliyobaki nayo yalikwenda mashamba ya karibu na kurudi. Mwenyewe mchana hakuwa na la kufanya. Alikaa benchi la nyuma, koti linachuruzika maji, na baada ya muda akaanza kucheka. Si kicheko kidogo. Alishika tumbo.

Chumba kikageuka. Kucheka katika poste kulikuwa kama kucheka kanisani.

"Patron," Papa akamwambia kwa heshima, "unacheka nini? Ule muntu iko mugonjwa."

"Siyo ye ninamucheka, Muzee. Ni askari. Munasikia yenye anasema?"

"Hatusikie Kiingereza."

"Ooh." Akafuta macho. Alikuwa amekwenda na kurudi Kampala miaka yote, Kiingereza alikijua. "Anasema leo bibi yake amemunyima chakula na masemi. Sasa anaomba Mungu mwizi aingie, ili apate mutu wa kuzungumuza naye."

Papa akasogea karibu na televisheni.

"Anasema vile kweli?"

"Kabisa. Na mwenzake anamujibu: mwizi akiingia, huyu ni wangu, weye ulizungumuza na wa juzi."

Sijui nani alianza. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele, mtu mgumu ambaye sikuwahi kuona meno yake, akiinama mpaka paji la uso likagusa benchi. Papa alisimama mdomo wazi.

"Sasa tangu siku zote zile," akasema, "tulikuwa tunalia matanga ya nani?"

Mfanyabiashara akamwambia aliyeshika maneti: "Acha akuone."

Kijana alimtazama Papa. Papa akakubali kwa kichwa. Mpelelezi akatoka nyuma ya pipa, mlinzi akatoa macho, na kwa mara ya kwanza hatukusimamisha mchezo. Mlinzi alipuliza filimbi kwa nguvu hata akaimeza. Alikimbia huku tumbo lake linapiga filimbi kila hatua. Mpelelezi akapiga chafya, kofia ya mlinzi ikaruka juu ya kabati, na wote wawili wakasimama kuitafuta. Mpelelezi ndiye aliyeiona. Akampa kwa mkono, mlinzi akashukuru, akaivaa, akaanza kumkimbiza tena.

Siku hiyo Papa alibadilisha sheria: kuonwa si kupoteza, kukamatwa ndiko kupoteza.

Miezi iliyofuata ndiyo peke yake ninayoikumbuka bila uchungu, nayo haikuwa mingi. Mfanyabiashara alikuja kila mchana. Alisimama pembeni ya televisheni kama mkalimani anavyosimama pembeni ya mhubiri mgeni, mkono mmoja hewani, akigeuza maneno ya walinzi kuwa Kiswahili cha kwao. Watu walijaa mpaka madirishani. Mke wa Papa alikaanga mikate mlangoni na ikaisha kabla ya saa ya chakula. Watoto wawili kati ya wanne walirudi shuleni.

Mchezaji wetu hodari kuliko wote alikuwa mlinzi halisi. Alilinda lango la kiwanda kilichofungwa, na kila alipotoka zamu alikuja na fimbo yake na buti zake akakaa mbele. Yeye ndiye aliyekuwa mkosoaji mkali.

"Uyu santineli habamulipe?" aliuliza siku moja.

"Hatuyue."

"Kama habamulipe, juu ya nini anakimbiza muntu? Na kama banamulipa, juu ya nini anakuwa na ile kiatu?" Akageuza maneti mikononi. "Bouton ya kusemea naye iko wapi?"

"Haina."

"Haina? Muntu anaingia ku nyumba, anakuta santineli, hawezi kumwambia hata 'chef, watoto banalala namna gani'? Hawezi kumuachia hata sigara?"

"Haina, chef. Kuko mbuzi tu."

"Basi abo benye kutengeneza ibi bintu habakufika hapa."

Tulicheka, lakini alikuwa amegusa ubaya wa kweli wa mchezo ule, nami baadaye niliona yupo sahihi kuliko alivyojua. Walinzi walikuwa na ndoto, na njaa, na wake wakorofi, lakini haya yote yalikuwa ya kusikiliza tu. Hukuweza kuyatumia. Ulijua yule wa ngazini anaogopa giza, na bado njia ya kumpita ilikuwa ile ile ya redio na mbuzi. Mtengenezaji alitupa watu kisha akatukataza kukutana nao.

Ubaya mwingine ulikuwa mdogo zaidi. Picha iligeuka vibaya kwenye kona, ukaona ukuta badala ya adui. Walinzi walisahau haraka mno. Walikukimbiza, ukajificha, wakahesabu kidogo wakarudi kusinzia, na wazee walisema hata mbwa anakumbuka zaidi. Kuanzia jumba la opera vichekesho vilianza kurudiwa. Mfanyabiashara alipoona neno limerudi alitia lake, na mara nyingi lake lilikuwa bora.

Lakini ubaya ambao Papa aliuona, sisi hatukuuona. Alinieleza mchana mmoja, umeme umekatika, watu wametoka wakitukana shirika la umeme na mama zake wote. Sisi wawili tulikuwa tunafuta mabenchi.

"Mwana," alisema, "unayua mupira iko muzuri juu ya nini?"

"Juu bantu banaipenda."

"Hapana. Juu haina mwisho. Leo unafunga, kesho banakufunga. Hata miaka makumi, bantu batarudia." Akaonyesha mashine kwa kidole. "Uyu wetu iko anaenda mahali. Siku moya atafika. Akifika, bantu batarudia ku manyumba yabo, na miye nitabakia na nini?"

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Mimi nilitaka kuona mwisho kuliko mtu yeyote.

"Courant ikikatika," akaendelea kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu, "bantu banatukana. Miye ndani ya roho nasema aksanti."

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kila poste ilimsogeza mpelelezi mbele, wakakabidhiana, wakatumaini. Karibu na ngome ya mwisho, umeme ulikatika, naye akarudi jumba la kwanza, na pua yake nyekundu. Watu walipiga kelele, halafu kesho yake wakaja tena kulipa. Kukatika kwa umeme, kulikoua mashine za kusaga na friji za samaki za mji mzima, ndiko kulikoweka chumba cha Papa hai.

Mfanyabiashara hakujua. Yeye aliona wanaume wazima wakipoteza kazi ya siku nyingi kwa sekunde moja, na roho yake ikauma. Alikuwa mtu wa sala, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Alimwagiza kitu mwenzake mmoja aliyekwenda ng'ambo, naye akatua Luano nacho pamoja na bidhaa zake. Siku ya pili akaingia katikati ya poste ya mchana, chumba kimejaa, akaomba wasimamishe mchezo. Akatoa kitu kilichofungwa katika karatasi ya zawadi, kidogo kama kiberiti.

"Muzee," alisema, "na ninyi ndugu zangu wote. Mutu mwenye iko mbali na ba kwake, mahali anapochekea njo kwake. Mulinipa mahali. Na miye nimewaletea hii. Ni kadi ya mashine. Tangu leo, courant ikate mara ngapi itakavyo, mutaendelea pale mulipoachia."

Chumba kililipuka. Walimnyanyua. Mlinzi wa lango alipiga fimbo yake sakafuni. Papa alisimama, akapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo kama anavyopokea mtu mwenye adabu, na akasema aksanti. Nilikuwa karibu yake. Mikono ilikuwa imetulia. Ni shingo yake tu iliyokuwa na jasho.

Watu walipotoka kwenda kula, nilimwambia: "Papa, mashine iko muzee. Inakatala diski, inakatala byote. Tuseme inakatala na kadi."

Alikaa akaiangalia ile kadi juu ya goti lake.

"Niseme mbele yake? Anaikala pale kila siku. Atatuma ingine." Akaigeuza kwa kidole. "Na zawadi ya muntu mwenye hana kwake, unaitupa wapi?"

Mke wake alikuwa mlangoni, anakusanya masalio ya mafuta. Alikuwa amesikia yote.

"Ule patron anatupenda," alisema bila kugeuka. "Njo namna atatumaliza, na mapendo."

Kadi iliingia. Mashine iliipokea mara ya kwanza, yenyewe iliyokuwa inakataa kila kitu.

Sikutegemea kitakachokufa kwanza. Zilikufa poste. Mchezo ukitunzwa hauna haja ya kukabidhiwa. Mtu alicheza, akatunza, akaenda zake. Hakuna aliyesimama tena mbele ya televisheni kusema walinzi wako wapi, na hakuna aliyerudia maneno. Nyuso zilichungulia mlangoni, zikauliza "Bamefika wapi?", zikajibiwa, zikaondoka. Walikuwa wanasubiri mwisho tu. Papa alijaribu kuwachelewesha. Alisema mashine imepata moto, ipumzike. Alisema kuna msiba jirani. Lakini chumba cha michezo kilichofungwa hakilishi mtu, ikambidi afungue.

Siku ya ngome ya mwisho ilikuwa Jumamosi, jua kali, umeme thabiti kana kwamba tumeulipia. Sijawahi kuona watu wengi hivyo katika nyumba ya kampi. Maneti alishika mlinzi wa lango. Alicheza vizuri, lazima niseme, alicheza kama mtu anayejua walinzi wanawaza nini: alisubiri wachoke, hakusubiri walale. Jasho lilimdondoka kwenye buti. Mfanyabiashara alitafsiri mpaka sauti ikakauka. Watu walicheka hata pale pasipo na kichekesho. Papa alikaa benchi la nyuma, mahali mfanyabiashara alipokaa siku ya mvua, mikono katikati ya magoti.

Mpelelezi alitoka ngomeni na kisanduku chenye siri zote. Alipanda treni, akashuka, akatembea mpaka makao makuu ya serikali yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mbao. Nje alikaa bawabu mzee, anauza karanga.

"Anamuuliza wakubwa bako wapi," mfanyabiashara alitafsiri. "Bawabu anasema ofisi imefungwa. Zamani. Makuta ya mishahara ilikwisha. Batu balirudia kwabo, hakuna mwenye aliacha adresi." Akaushusha mkono. "Anasema... anasema mwavuli ni ya ofisi. Airudishe."

Mpelelezi alirudisha mwavuli. Akapiga chafya. Bawabu akamwambia pona. Halafu yalianza kupanda majina ya watu wengi waliotengeneza mchezo, na muziki wa furaha.

Sina shaka huko ulikotengenezwa watu walicheka sana. Kilikuwa kichekesho kizuri, kimepangwa vizuri, labda bora katika mchezo wote. Pale kwetu hakuna aliyecheka. Ndani mle walikuwamo wanaume waliorudisha helmeti na taa zao kwenye dirisha la kiwanda, wakatia sahihi, wakaambiwa kwaheri.

"Na kisanduku?" yule mzee mgumu aliuliza.

"Hasemi," mfanyabiashara akajibu.

"Sasa alikuwa anatumikia nani?"

Mlinzi wa lango aliweka maneti sakafuni taratibu, akachukua fimbo yake. Benchi moja likasimama, halafu jingine. Walitoka kwa mpango, bila kusukumana, kama walivyokuwa wakitoka kiwandani.

Wiki iliyofuata walikuja wachache, wakacheza jumba la kwanza, wakaondoka. Wote walijua bawabu anawangoja. Papa alikonda. Nikamwambia jambo nililolisikia upande wa pili wa mpaka, kwamba michezo mingine huficha mwisho wa pili kwa mtu asiyeonwa hata mara moja. Sikuwa na uhakika, nilimwambia hivyo. Lakini alisimama palepale akafuta yote yaliyotunzwa kwenye kadi.

"Cheza weye," alisema. "Cheza kama zamani."

Nilicheza kwa sheria ya zamani, nikionwa naanza jumba upya. Papa aliwatangazia watu, na baadhi walirudi, wakakaa, wakabana pumzi. Kwa siku kadhaa mabenchi yalikuwa nusu. Mke wake alikaanga mikate tena. Niligundua kwamba bila kuonwa mchezo ule ulikuwa mzuri sana, mtulivu, wa huzuni, kama tulivyouelewa mwanzo.

Nilipofika mlangoni pa makao makuu, bawabu alikuwa pale na karanga zake. Ofisi imefungwa. Mwavuli ni wa ofisi. Baada ya majina yote, skrini ilionyesha kofia ya rangi ya dhahabu.

"Njo nini ile?" Papa aliuliza.

"Kofia. Wamekupa zawadi."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuvaa ukianza tena."

"Kuanza tena," alisema Papa, na akacheka. Alicheka peke yake kwa muda mrefu, na waliokuwapo wakaangalia chini.

Televisheni iliuzwa kwanza, halafu mabenchi kwa watu wa kanisa. Mashine haikupata mnunuzi. Waliamua kwenda Lukafu, kwa kaka ya mke wake, kulima, ingawa Papa maishani mwake hakuwahi kushika jembe, na mikono yake iliungua zamani kwenye matanuri mpaka vidole viwili havikukunjika. Lori la mfanyabiashara lilikuwa linaelekea huko kuchukua mahindi. Aliwabeba bure, pamoja na magodoro na sufuria, na akaongeza mfuko wa maharagwe. Aliwaombea kwa sauti, mkono juu ya kichwa cha kila mtoto. Papa alimshukuru kwa mikono miwili. Kisha akapanda juu ya mizigo, akakaa kuangalia upande wa mbele.

Lori lilipokata kona, mfanyabiashara alibaki amesimama nami mbele ya nyumba tupu.

"Ile chumba niliipenda sana," alisema. "Ilikufa namna gani? Batu walikuwa wanajaa."

Alikuwa ananitazama usoni, anataka kujua kweli.

"Courant, patron," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Wangeniambia tu," alisema. "Ningewaletea groupe."

Na nilijua kwamba jenereta hiyo angewaletea.